Mzee wa Wino na Matambara ya Jumamosi

Kiwandani tulimwita Mzee wa Wino, naye aliitikia jina hilo hata barabarani. Nilifanya naye kazi miaka saba katika kiwanda cha chapa cha misheni yetu pale Tabora, zama za Mwingereza, mimi nikikunja karatasi na kushona vitabu, yeye akitunza stoo ya wino. Aliachishwa kazi kwa sababu stoo iliungua. Kosa lilikuwa langu, na nilinyamaza. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani namsifu mzee wa watu bure, kama tunavyowasifu wote waliokwisha kutuondokea. Namsifu huku nina aibu.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, nyuma ya ukumbi wa mashine, na mlango wake ulitazama ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Siku zetu zilipita baiskeli, punda, na wanawake wenye mizigo ya kuni. Wino ulikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi kwetu, katika mapipa ya chuma ambayo wanaume wawili wenye nguvu zao hawakuweza kuyainua. Mzee wa Wino aliyapokea mapipa hayo kwa adabu zote. Alitandika magunia kuanzia kwenye mkokoteni hadi mlangoni, akatembea kinyumenyume mbele ya wapagazi, mkono mmoja juu ya pipa.

"Haraka mnayo nyinyi," aliwaambia. "Pipa halina haraka yoyote."

Ndani kila kitu kilikaa mahali pake. Mapipa yalisimama juu ya mbao, kwa sababu sakafu ilitoa unyevu na unyevu unakula chuma. Mafuta ya taa ya kuoshea herufi hayakulala chumba kimoja na wino. Aliyachimbia shimo uani, akalijengea kwa matofali na kulifunika kwa bati. Kando ya mlango kulikuwa na madebe sita ya mchanga mkavu. Mchanga huo aliuchekecha mwenyewe, na ole wake mtu aliyetupia humo ganda la karanga. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua la Tabora linapochoma hata ndani ya nyumba, aliyafunika mapipa kwa magunia mabichi na kuyalowesha upya kila saa. Mwezi wa sita, asubuhi za baridi, wino uligoma kutoka, na mafundi wa mashine walitaka kuusogeza kwenye jiko la mkaa. Hakukubali hata siku moja. Aliliweka debe mlangoni juani, akakaa nalo, akiligeuza upande baada ya upande, na mashine ikamsubiri.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: wino hauchimbwi, unakwanguliwa. Kila mgeni aliyeshika kisu bapa na kuchota wino katikati ya debe, kama anayechota ugali, alinyang'anywa kisu. Ukichimba shimo, alieleza, hewa inaingia shimoni, wino unaota ngozi pande zote, na ngozi hiyo ikifika kwenye mashine inachafua kurasa mia kabla hujajua. Ukikwangua juu juu, ukasawazisha, ukalaza karatasi ya mafuta juu yake, utaukuta kesho kama ulivyouacha. Alieleza hivyo kwa kila mtu, kwa maneno yale yale. Nilikuwa namcheka. Leo nikifungua kopo la samli nyumbani kwangu nakwangua juu juu, na wajukuu wananicheka mimi.

Sisi wanawake wa kukunja alitulinda kwa namna yake. Ilipofika saa ya kula alisimama mlangoni na bakuli la majivu na kipande cha sabuni, na hakuna aliyepita bila kunawa hadi kwenye viwiko. Mwenzetu mmoja alimwambia mikono yake ni safi, hajagusa wino tangu asubuhi.

"Umegusa herufi," alisema Mzee. "Herufi ni madini ya risasi, na sumu ya risasi haina ladha. Huwezi kujua umekula kiasi gani. Nawa, mama."

Mbele ya wakubwa hakujua kuogopa. Mkuu wa kiwanda, Mzungu mmoja mrefu mpole, alikuwa mtu wa kiko, na kiko chake kilikuwa mdomoni hata kilipokuwa kimezimika. Alipofika stoo, Mzee alinyoosha mkono tu.

"Hakijawaka, Mzee," alisema Mkuu.

"Na mimi sijasema kinawaka, Bwana Mkuu. Nimesema kibaki nje."

Mkuu alikitoa mdomoni akampa, na Mzee akakiweka juu ya tofali uani, kwa heshima kabisa, kama anayemwekea mgeni kofia. Hilo tuliliona mara nyingi hadi likawa la kawaida, lakini wageni kutoka Dar es Salaam walibaki wameduwaa.

Sasa, Mzee huyohuyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Sisemi breki mbovu. Hazikuwepo kabisa, aliziondoa kwa sababu zilipiga kelele. Alishuka mteremko wa kwenda kwake, mtaa wa Cheyo, kanzu ikipepea, kuku wakikimbia, na alipotaka kusimama alikandamiza gurudumu kwa soli ya kiatu. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa akimshonea viatu kila mwezi. Nilimwuliza siku moja inakuwaje mtu anayeogopa kiko kilichozimika haogopi kuvunjika shingo. Alifikiri kweli, hakunijibu ovyo.

"Nikianguka naanguka peke yangu," alisema. "Stoo ikiungua mnaungua na nyinyi."

Misheni ilimhesabu kuwa mtu asiyejua kusoma, na kwenye karatasi za kiwanda aliweka alama ya dole gumba. Lakini yeye, Mwislamu wa mjini kama wenzake wengi, aliandika Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu. Kila pipa lilikuwa na kipande cha kadibodi kilichoandikwa siku lilipofika na namna lilivyo. Vitabu tulivyochapa, vya nyimbo na vya mafundisho, havikuwa vya dini yake wala vya herufi zake, na hakuna anayeweza kusema aliwahi kuharakisha ukurasa mmoja kwa sababu hiyo. Siku moja aliniletea karatasi iliyotoka mashineni, bado mbichi, akaweka kidole mahali.

"Hapa wimbo umechoka," alisema. "Soma, nisikie unasemaje."

Nikamsomea ule mstari. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kuwaambia mafundi kwamba mstari mzuri namna ile haufai kutoka na weusi hafifu. Nadhani ndipo nilipoanza kumpenda, kama mtu anavyompenda mjomba wake.

Wakati wa vita kuu ya pili wino uliacha kuja. Miezi ikapita, pipa la mwisho likaanza kuonyesha kitako chake. Kwa kuwa mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia wino, yalikuwepo bado, Mzee alianza kuzunguka mitaani na kopo, nyumba kwa nyumba, Cheyo na kwingineko, akiomba masizi ya taa. Wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo walimkwangulia vioo vya taa zao huku wakimtania kwamba sasa amepata ukichaa wa kizee. Masizi hayo aliyachekecha kwa kitambaa cha shela, akayasaga na mafuta juu ya jiwe siku nne mfululizo, mabega yakimuuma hadi mkewe akawa anamkanda. Wino huo mpya akauchanganya na ule uliobaki, kidogo kidogo. Kitabu cha nyimbo tulichochapa mwaka ule kina rangi ya kahawia kwa mbali, na mwenye nacho asikitupe, maana humo mna masizi ya nusu ya mji wa Tabora.

Nimefika kwenye matambara, na sina tena pa kupitia.

Wino ule ulichanganywa kwa mafuta ya kitani, na mafuta hayohayo ndiyo tuliyolegeza nayo wino mzito. Mzee alishikilia kwamba tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kurundikwa na wenzake, linajiwasha lenyewe, bila kiberiti, bila cheche. Kwa hiyo alitugawia matambara kwa hesabu, jioni akayapokea kwa hesabu, akayatundika moja moja kwenye waya uliopita ndani ya stoo, mbele ya dirisha, hadi yakauke. Fundi mkubwa wa mashine hakuamini.

"Nani anayawasha, Mzee? Jini?" aliuliza.

Mzee hakubishana. Siku hiyo ya jua kali alifinyanga matambara matatu, akayashindilia kwenye debe katikati ya ua, akaenda zake. Alasiri alituita mmoja mmoja tutie mkono. Ndani mlikuwa na joto kama katikati ya mkate uliotoka tanurini. Kisha akamwaga maji, na mvuke ukatoka. Nilitia mkono wangu na mimi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, vita imekwisha na mapipa yameanza kuja tena. Kazi iliisha mapema, tukasafisha rola, matambara kumi na mawili yakarudishwa, Mzee akayatundika, akaenda uani kutawadha. Nilibaki nikipanga karatasi stooni, na kiwiko changu kikaangusha kopo la mafuta ya kitani juu ya meza. Sikutaka kuitwa mzembe. Nilichukua kanga kuukuu niliyojifunga kiunoni kwa kazi, nikaichana vipande viwili, nikafuta meza ikang'aa, nikavifinyanga vile vipande na kuvisukumia ndani ya kapu la karatasi zilizokatwa, chini ya meza. Nilijiambia nitavitundika Jumatatu. Ningependa kusema mtoto wangu alikuwa mgonjwa nyumbani. Hapana. Nilikuwa nakwenda kusukwa nywele, kwa ajili ya arusi ya binamu yangu, na msusi alikuwa na foleni.

Mzee alirudi, akatazama waya, akahesabu kwa kidole, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi, sisi tukiwa kanisani, moshi ulitoka dirishani. Aliyeuona ni yeye, aliyekuwa anapita kwa baiskeli yake. Hakungoja ufunguo; alivunja komeo, akaingia, akaumiminia moto mchanga wake, debe baada ya debe, bila kumwaga hata tone la maji. Tulipofika tukikimbia na nguo zetu za Jumapili, moto ulikuwa umelala. Mapipa mawili yalikuwa yameharibika, na kurasa zote za kitabu kipya zimeteketea. Waya ulikuwa umeanguka na matambara yake juu ya majivu ya kapu, vyote kitu kimoja cheusi. Ukumbi wa mashine haukuguswa. Yeye alikuwa amekaa chini, mikono yake imeungua hadi karibu na viwiko, akiyatazama yale majivu.

Jumatatu Mkuu alituita sote. Hakuwa mkali.

"Moto ulianzia wapi, Mzee?"

"Kwenye matambara, Bwana Mkuu."

"Hukuyatundika?"

Mzee aliitazama mikono yake iliyoungua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, sindano ya kushonea bado mkononi.

"Nilidhani nimeyatundika," alisema.

Nilikuwa mjane wa miaka miwili. Nyumba niliyolala ilikuwa ya misheni, na watoto wangu wawili walisoma shule ya misheni. Nilijua nikifungua mdomo, jioni hiyo nitakuwa barabarani na vyombo vyangu. Sikuufungua. Na ili niweze kulala, nikajipa hadithi: kwamba Mzee alikwisha kunijua, kwamba aliona kipande cha kanga kwenye majivu, kwamba alisema "nilidhani" ili kunisitiri, kwa kuwa ni mtu mwema. Hadithi hiyo niliipenda sana. Ilinifanya niwe mtu aliyesamehewa bila hata kuomba.

Aliondoka wiki hiyo na Mama Zuhura, wakaenda Goweko, kwenye shamba la ndugu wa mkewe. Na kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyezijua kanuni zake, ufunguo wa stoo nilipewa mimi. Miaka tisa niliushika. Nililoweka magunia, nilichekecha mchanga, niliwanyang'anya watu visu. Nilitundika matambara moja moja.

Kilichonifungua mdomo ni jambo dogo. Fundi mmoja mpya alikuwa akiwafundisha wenzake walioajiriwa majuzi, nami nikamsikia akisema, "Hesabu vizuri. Usije ukawa kama yule Mzee wa Wino, aliyesahau akili zake kwenye waya." Wakacheka. Hawakumjua hata kwa sura. Niliingia stoo nikakaa juu ya debe la mchanga, nikalia kwa hasira, na niliyemkasirikia alikuwa mimi mwenyewe.

Siku ya pili yake nilimwendea Mkuu, huyu alikuwa mwingine, mgeni, nikamweleza yote, mbele ya yule fundi. Jioni nikapanda treni.

Goweko nililala kwa mwalimu mmoja wa kanisa, na asubuhi nikaulizia. Wanawake kisimani waliniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," wakanionyesha nyumba iliyopakwa chokaa nyuma ya shamba la karanga. Mama Zuhura ndiye aliyenipokea. Alinikumbatia kwa furaha ambayo sikustahili, akaniketisha kibarazani, akasema mumewe yuko shambani, anakuja sasa hivi.

"Hajambo?" niliuliza.

"Kwa mwili hajambo." Alishusha sauti. "Lakini yule uliyemjua si huyu, Mama Stella. Tangu tutoke mjini hajashika kiberiti. Taa nawasha mimi, jiko nawasha mimi. Jirani analima tumbaku, alimwomba amwangalizie moto wa kukaushia, maana ana sifa ya uangalifu. Akakataa. Anasema kichwa chake si cha kuaminiwa. Mlango akiufunga anarudi kuutazama mara tatu. Baiskeli aliigawa."

Ile hadithi yangu ya miaka tisa ilivunjika palepale kibarazani. Hakuwa amenisitiri. Hakuwa amejua lolote. Alisema "nilidhani" kwa sababu ndivyo alivyodhani, na tangu siku ile akaacha kujiamini.

Alikuja na jembe begani. Alikuwa amekonda, na mikono yake ina makovu yanayong'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Stella. Umetupotea. Kiwanda kipo?"

"Kipo." Sikungoja maji wala salamu za watoto. "Mzee, nimekuja kukwambia jambo. Moto ule ulitoka kwangu. Nilimwaga mafuta ya kitani mezani, nikafuta kwa kanga yangu, nikaificha kwenye kapu. Niliogopa, nikanyamaza."

Aliliweka jembe chini polepole, akakaa juu ya kigoda. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi.

"Kapu la karatasi," alisema Mzee.

"Ndiyo. Chini ya meza."

"Vipande vingapi?"

"Viwili."

"Ulivikunja au ulivitupa tu?"

"Nilivifinyanga pamoja."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuitikia fundi anapomweleza tatizo la mashine. Halafu akanyoosha vidole vyake, akaanza kuhesabu bila sauti, mdomo ukienda. Nilimngoja.

"Matambara yangu yalikuwa kumi na mawili," alisema.

"Yalikuwa kumi na mawili."

"Kwenye waya."

"Kwenye waya, Mzee. Nilikuona ukiyahesabu."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau."

Alinitazama, na niliona kwenye uso wake kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka saba, hasira kamili. "Miaka tisa, Mama Stella," alisema. Nilipiga magoti pale chini nikamwomba radhi, na hakusema amenisamehe, wala sikumbembeleza aseme. Kuku walipita kati yetu. Kisha aliuliza kama kiwandani wanajua.

"Nilianza kuwaambia wao. Wamechukua ufunguo."

"Sasa wino anautunza nani?"

"Fundi mmoja mpya."

"Anajua kukwangua?"

"Anachimba, Mzee."

Alifumba macho kana kwamba jino limemuuma. Kisha akasimama. Nilidhani ananiambia niende zangu, nikaanza kukusanya mtandio wangu. Yeye alipita mbele yangu, akapita mbele ya mkewe, akaingia jikoni. Tukamsikia akipekua rafuni. Mama Zuhura alinitazama, nami nikamtazama, tukamfuata hadi mlangoni pa jiko.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga. Alipanga vijiti vyembamba chini, akaacha nafasi ya hewa, akalaza kuni mbili juu, yote bila haraka. Akasugua kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika. Mama Zuhura aliinama haraka kumsaidia kupuliza, naye akamzuia kwa kiganja.

"Acha," alisema. "Mkaribishe mgeni. Chai napika mimi."